Shangazi, mjomba anasema nisifukue kaburi la bibi mzaa bibi

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mama wa watoto watatu, umri wangu miaka 54. Naishi Dar es Salaam lakini kwetu ni Pangani. Nakuandikia wewe kwa sababu hili siwezi kulipeleka kwa ndugu. Ndugu wenyewe ndio tunaogombana, na mume wangu ameshachoka kulisikia.

Mama yangu alifariki mwaka jana. Baada ya arobaini tulifungua sanduku lililokuwa chini ya kitanda chake. Lilikuwa la mama yake bibi, bibi mzaa bibi, ambaye nyumbani wote tulimwita Bi Mkubwa. Jina lake hasa naomba nisiliandike, mji wetu ni mdogo. Mimi ni kitukuu chake na nilimwahi: alifariki 1979, mwaka wa vita vya Amini, nikiwa na miaka minane. Namkumbuka amekaa juu ya mbuzi uani, mguu mmoja ameunyoosha, anakuna nazi huku anaimba. Akimaliza upande mmoja ananipa kifuu nikwangue kilichobaki kwa meno. Mbuzi hiyo ipo mpaka leo. Ubao wake umelika katikati hadi unang'aa, na ulimi wake umebaki na nusu ya meno.

Ndani ya sanduku tulikuta kisutu kimoja kilichochakaa, kanga moja ambayo maneno yake yameandikwa kwa herufi za Kiarabu, kekee, yaani bangili pana, ya fedha, na riale moja, sarafu ya zamani yenye sura ya mwanamke na mwaka 1780. Riale hiyo imetobolewa tundu juu ya kichwa cha yule mwanamke, na tundu lenyewe limelika upande mmoja. Chini kabisa kulikuwa na karatasi iliyokunjwa mara nne, ina picha ya tai na muhuri, maandishi ya kizungu lakini si Kiingereza. Tulimwita mwalimu wa madrasa asome kanga, akatazama muda mrefu akasema hayo si Kiarabu, haelewi.

Ugomvi ulianza kabla hata ya sanduku. Mjomba, kaka yake mama, ametulea tukiamini kwamba Bi Mkubwa alikuwa binti wa Mshihiri, Mwarabu wa Yemen, aliyekuja na jahazi, na kwamba sisi ni watu wa mji toka asili. Lakini usiku wa tatu wa matanga tulikaa na bibi mdogo, binti wa mwisho wa Bi Mkubwa, ambaye sasa amepita miaka 90. Kimya kimya, kama anajisemea, akasema: "Mama yake mama alishuka na msafara. Mtoto mdogo, ameshikwa mkono na mtu asiyemjua. Hata jina alipewa hapa." Kisha akasema walikuwa shamba la miwa, huko juu mtoni. Mjomba akamkatiza: "Mama mdogo, hebu pumzika." Akazimiwa taa. Asubuhi mjomba akanivuta pembeni akaniambia nisifukue kaburi la mtu aliyelala.

Sasa mjomba anataka nyumba iuzwe na vitu vigawanywe. Binamu yangu mmoja anasema riale ya 1780 inauzwa mamilioni na ana mteja. Kijana wa stesheneri amenishauri ile karatasi tuifanyie laminesheni isiharibike. Na binti yangu mkubwa ana mimba ya miezi sita. Yeye anataka mtoto akiwa wa kike ampe jina la Bi Mkubwa. Juzi alikuwa anajipapasa tumbo anaimba ule wimbo wa kukunia nazi, maana mimi nilimwimbia, nami niliimbiwa na mama. Akaniuliza, "Mama, huu wimbo ni wa lugha gani?" Sikuwa na jibu. Si Kiswahili. Hakuna nyumbani anayejua maana yake hata neno moja.

Shangazi, nimuulize bibi mdogo, au nimtii mjomba? Na vile vitu nifanye navyo nini? Kitu kingine ninachokijua kuhusu Bi Mkubwa ni kimoja tu: alikuwa anapenda kusema kwamba vita vya Mjerumani vilipoanza yeye alikuwa hajavunja ungo, alikuwa analea watoto wa watu. Na kuna jambo mama alinidokeza zamani, kwamba mjomba akiwa kijana alipeleka posa kwenye nyumba fulani akakataliwa, na hajawahi kulizungumza.

Kitukuu, Dar es Salaam

—

Marahaba mwanangu, na pole kwa mama. Barua yako nimeisoma mara tatu, ya tatu nikiwa nimesimama.

Nenda kwa bibi mdogo. Nenda wiki hii kama nauli ipo, na kama haipo, kopa. Mtu wa miaka 90 aliyeanza mwenyewe kuzungumza usiku wa matanga, bila kuulizwa, amechoka kuubeba mzigo huo peke yake. Anaowazungumzia ni mama yake mzazi na bibi yake. Mjomba wako ni mtoto kwake, hana haki ya kumzimia taa kwa habari za mama yake mwenyewe. Wewe pia huna haki ya kumlazimisha. Ukifika ukamkuta amebadili nia, mpikie, mkande miguu, rudi. Lakini sidhani kama atabadili.

Sasa sikiliza namna ya kwenda, maana hapa watu wengi huharibu. Usifike ukamwekea simu mdomoni ukamuuliza, "Bibi, sisi ni kabila gani?" Swali hilo lina miba. Kwa mtu wa umri wake, tena wa mji kama Pangani, limekuwa likiulizwa na watu waliotaka kumshusha. Mpelekee doti moja ya kanga, mpelekee sukari na majani ya chai, na uichukue ile mbuzi. Ndiyo, ibebe kwenye basi. Muwekee uani, mpe nazi au kuna wewe mbele yake, kisha muulize Bi Mkubwa alikuwa anakunaje. Mikono ya wazee inakumbuka kabla ya midomo. Atakwambia unakuna vibaya, atakwambia mama alikuwa anashika hivi, na hapo mmeshaanza.

Muulize mambo madogo. Bi Mkubwa akikasirika alitukana kwa maneno gani? Akiumwa alikuwa anamwita nani? Chakula gani alikipika ambacho majirani hawakukipika? Alioshwa na nani alipofariki, na nani alikuja mazikoni kutoka mbali? Na swali moja ulishike vizuri: siku ya Idi alikuwa anakwenda kusalimia nyumba ya nani? Hilo lina uzito. Waliokuwa watumwa na watoto wao waliendelea miaka mingi kwenda kwa watu wa nyumba walizotoka, kutoa mkono wa Idi, kusaidia harusini, kulia msibani, hata baada ya sheria kusema kila mtu ni huru. Nyumba hiyo ikitajwa, umepata nusu ya historia.

Akikubali kurekodiwa, rekodi. Mwanzoni taja tarehe, mahali, na majina ya waliopo, kwa sauti. Hakiki mapema simu isiwe imejaa. Sauti hiyo siku hiyo hiyo mtumie binti yako aihifadhi kwenye kompyuta. Usiitume kwenye kundi la WhatsApp la ukoo. Siri ya mtu haianzii huko.

Sasa tufanye hesabu kidogo, kwa sababu Bi Mkubwa mwenyewe alikuachia namba bila wewe kujua. Vita vya Mjerumani huku kwetu vilianza 1914, na Waingereza wakaingia Pangani 1916. Kama 1914 alikuwa hajavunja ungo lakini amekuwa mkubwa kiasi cha kulea watoto wa watu, basi alizaliwa mwanzoni mwa miaka ya 1900, pengine 1902 au 1904. Shika hapo. Wajerumani hawakufuta utumwa Tanganyika. Walichofanya ni kutoa amri kwamba mtoto atakayezaliwa na mama mtumwa kuanzia 1906 atakuwa huru. Unguja na Pemba ulikuwa umeshafutwa kisheria 1897, pwani ya Kenya 1907, lakini huku bara ulifutwa na Waingereza, mwaka 1922. Kama bibi mdogo amesema kweli, huenda Bi Mkubwa alizaliwa mtumwa, miaka miwili hadi minne kabla ya ile 1906. Huenda alikuwa mwanamke mzima, labda ameshaolewa, ndipo sheria ikamtambua kuwa ni mtu wa nafsi yake.

Na wewe alikupa kifuu ukwangue. Umbali kati ya utumwa na mdomo wako ni kifuu kimoja, mwanangu. Ndiyo maana nilisimama.

Habari ya shamba la miwa nayo haina ugeni. Kandokando ya Mto Pangani, juu ya mji, kulikuwa na mashamba ya miwa ya matajiri karne ya 19, na waliolima, waliokata na waliozungusha vinu vya kukamulia walikuwa watumwa walioshushwa na misafara kutoka bara. Pangani ilikuwa mwisho wa njia ya misafara. Watalii wanapigia picha milango ya nakshi, lakini wewe ukisimama ukingoni mwa mto, tazama maji yanakotoka.

Mjomba wako sasa. Usimchukie. Umeniandikia habari ya posa iliyokataliwa kwenye mstari wa mwisho, kama kitu cha kupita, na mimi naona ndipo barua yako ilipo. Kijana alipeleka posa, watu wakauliza, "Huyu ni mtu wa nani?" na jibu likamrudia na barua yake. Ameishi na hilo maisha yote. Yule Mshihiri wa jahazi ni ukuta alioujenga ili nyinyi wapwa zake msije mkaulizwa swali lile. Na kwa kiasi fulani alifanikiwa, umeolewa, umeozesha, hakuna aliyekuuliza. Kabla hujaenda kwa bibi mdogo mpitie, mwambie unakwenda kumtazama bibi, usimwibie. Ukirudi kaa naye peke yake, wala usimletee ushahidi kama hakimu. Mwambie unajua kuhusu posa. Mwambie aibu ya kununua mtoto ni ya aliyenunua. Halafu nyamaza, mwache aseme au asiseme. Na usiseme Mshihiri ni uongo mtupu. Pwani hii mtu mmoja anaweza kuwa na baba wa jahazi na mama wa msafara, wote wawili, na inawezekana mjomba amekupa nusu moja na bibi mdogo nusu ya pili.

Riale nitaisema haraka, maana binamu yako ana mteja na mimi sitaki mwingie kwenye ugomvi wa bure. Mwanamke yule ni Maria Theresa, mtawala wa Austria, na 1780 ndio mwaka aliofariki. Wafanyabiashara wa Bahari ya Shamu, Uarabuni na pwani yetu waliiamini sarafu hiyo kiasi kwamba ikaendelea kutengenezwa kwa sura ile ile na mwaka ule ule, Vienna na miji mingine pia, hadi karne ya 20. Kwa hiyo 1780 haikwambii ilitengenezwa lini. Zipo nyingi mno duniani. Ina uzito wa gramu 28 hivi, humo fedha safi ni kama gramu 23, na yenye tundu hupungua thamani kwa wanaozikusanya. Mamilioni hayapo.

Lakini lile tundu! Umeniambia limelika upande mmoja. Chuma cha kutobolea hutoboa duara. Kilicholila upande mmoja ni uzi, mwanangu, uzi unaoning'inia shingoni kila siku, miaka na miaka, unasugua pale pale. Riale hiyo aliivaa. Labda ilikuwa mahari, labda ya kwanza aliyoishika kwa mkono wake, bibi mdogo atajua. Usiisugue kwa majivu wala kwa dawa ya kung'arishia. Weusi wake uache.

Kwenye kanga ndipo ninapokupa furaha. Mwalimu wa madrasa amesema kweli: si Kiarabu. Ni Kiswahili. Kabla ya hizi herufi za kizungu kuenea, Waswahili waliandika lugha yao kwa herufi za Kiarabu, barua, tenzi, hata hesabu za dukani, na kanga za mwanzo maneno yake yaliandikwa hivyo hivyo. Mwalimu anaisoma akitafuta Kiarabu, hakipati. Mtafute mtu anayesoma tenzi za zamani, Tanga wapo, Mombasa na Lamu wapo, au piga hodi kwa mabingwa wa Kiswahili Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Mpelekee picha, kanga ibaki nyumbani. Mwanamke hakununua kanga kwa pindo na mji peke yake, alinunua na jina, na jina lile lilikuwa la kumwambia mtu. Bi Mkubwa aliitunza hiyo moja kati ya zote alizovaa. Kuna sentensi imekaa sandukuni mwenu, pengine zaidi ya miaka 80, inangoja kusomwa.

Hapa nina donda langu. Bibi yangu alinilea Tanga, alipofariki tukagawana kanga zake siku ya tatu. Mimi nikachukua mbili. Moja niliikata nikamfanyia mwanangu wa kwanza nepi, kwa sababu ilikuwa laini. Jina lake sikulisoma. Nakumbuka pindo, nakumbuka rangi ya damu ya mzee na nyeusi, maneno siyakumbuki, na hakuna wa kumuuliza.

Kwa hiyo kanga na kisutu usivifue kwa sabuni ya unga wala usivipige pasi. Vipunge vumbi kivulini. Vifunge ndani ya bafta nyeupe iliyofuliwa, na kila baada ya miezi michache vifungue uvikunje sehemu nyingine, maana nguo kuukuu hukatikia kwenye mkunjo. Juani visikae. Karafuu au udi weka pembeni ya sanduku, visigusane na nguo.

Karatasi, kwa jina la Mungu, usiifanyie laminesheni. Joto na plastiki havitoki tena. Usiibandike kwa selotepu pia. Kama inakatika kwenye mikunjo, usiilazimishe kufunguka, iweke bapa ndani ya bahasha safi na uipeleke Nyaraka za Taifa hapo hapo Dar es Salaam, wanazo kumbukumbu za enzi za Wajerumani na wanajua kushika karatasi za umri huo. Tai ni nembo ya serikali ya Mjerumani. Inaweza kuwa stakabadhi ya kodi tu, maana kodi ya nyumba ilianza kutozwa 1898 na watu walizitunza kama dhahabu. Inaweza pia kuwa hati ya uhuru. Wajerumani walizitoa kwa maelfu, kwa watu waliojikomboa kwa fedha yao, au waliokombolewa na mwingine, au ambao serikali yenyewe iliwatoa mikononi mwa mabwana. Kama ni hati, jina litakalokuwemo huenda likawa la mama yake Bi Mkubwa, yule mtoto aliyeshikwa mkono. Usimwambie yeyote ni hati mpaka isomwe. Nami sitasema zaidi, moyo usije ukatangulia macho.

Kuhusu kugawana: kekee na riale ni mali, zina mirathi yake, muulizeni sheikh wenu na mfuate atakavyosema. Ikibidi mtu apewe thamani yake ili kitu kibaki, changa na wadogo zako mmlipe. Vingine kila kimoja kipate mtunzaji mmoja, na kila mtunzaji aandike kwenye daftari kitu hicho ni nini na kilitoka wapi. Mbuzi ichukue wewe. Nyumba siiwezi kutoka huku, ila kabla haijauzwa pigeni picha uani, pale alipokuwa anakaa.

Nimebakisha wimbo kwa sababu ndio ulionikosesha usingizi.

Mnadhani mna sanduku moja. Mna mawili, na la pili lipo kinywani mwa binti yako. Huko Georgia, Marekani, kulikuwa na mama mmoja Mweusi, Amelia Dawley, aliyekuwa akiimba wimbo ambao kwao hakuna aliyeuelewa. Miaka ya 1930 msomi Lorenzo Turner akamrekodi. Ikaja kugundulika maneno yake ni Kimende, lugha ya Sierra Leone. Watafiti wakauzungusha ule wimbo vijijini huko, hadi wakamkuta mwanamke anayeuimba, alifundishwa na bibi yake na kuambiwa kwamba kwa wimbo huo watatambuliwa ndugu waliopotea. Mwaka 1997 Mary Moran, binti wa Amelia, akasafiri akakutanishwa naye. Mama wa Georgia alikuwa amehifadhi miaka na miaka kitu asichokijua maana, akamrithisha mwanawe kwa sababu tu mama yake alikiimba. Kama wewe.

Tena tusiende mbali. Hapo jirani yenu, Handeni, kuna kijiji kinaitwa Chogo. Waliokaa Chogo ni watu waliotoka Somalia baada ya vita vya 1991. Mababu zao waliuzwa kutoka pwani hii yetu karne ya 19, wakatoroka mashambani wakakimbilia misitu ya Mto Juba, na huko, vizazi na vizazi, wakaendelea kusema Kizigula. Walipofika Handeni wakasikilizana na Wazigua. Serikali ikawapa uraia. Walirudi kwa ulimi wao, hawakuwa na karatasi.

Basi fanya hivi. Imba wewe, binti yako akurekodi, kisha muombe bibi mdogo aimbe peke yake bila kuwasikia nyinyi kwanza, maana maneno hubadilika kinywani na yeye ndiye aliye karibu na chanzo. Halafu tafuta masikio. Dar es Salaam ina watu wa kila lugha ya nchi hii: Wayao, Wamakua, Wanyasa, Wamanyema, Wazigua, Wanyamwezi. Peleka sauti, acha mtu asikilize bila kumwambia unatarajia nini. Bibi mdogo akitaja kabila, liandike, lakini ujue kwamba majina kama Mnyasa na Mmanyema pwani walipewa watu wa nchi pana sana, kwa njia waliyopitia tu. Wimbo ukipata mwenyewe utakwambia zaidi ya jina. Na usipopata mwenyewe, uimbwe vile vile ulivyo, msiuondolee hata mlio mmoja ili upendeze.

Binti yako ampe mtoto jina la Bi Mkubwa. Kama jina hilo nalo lilitoka kwa bwana wa shamba, yeye alilivaa miaka zaidi ya sabini, akazaa nalo, akazikwa nalo, ni lake. Ila wewe ukiwa kwa bibi mdogo, mkishakula, nazi imeshakamuliwa na yeye amejiegemeza, muulize kwa sauti ya chini: yule mtoto aliyeshuka na msafara, kabla hajapewa jina hapa, alikuwa anaitwa nani? Huenda alimnong'oneza binti yake. Huenda Bi Mkubwa naye alimnong'oneza huyu wa mwisho.

Msalimie bibi mdogo, mwambie kuna mzee mwenzie wa Tanga anampa shikamoo. Na jina la kanga likisomeka, niandikie siku hiyo hiyo.

Shangazi